Hema Walilotupigia

Kwa miaka kadhaa sasa nakunja mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, Fort Worth, pamoja na mwanamke mmoja kutoka Hyderabad, India. Ni kazi ya watu wawili. Shuka la kitanda kikubwa huwezi kulikunja peke yako likatoka sawa. Mmoja ashike pembe mbili huku, mwingine pembe mbili kule, mvute mpaka makunyanzi yatoke, mkunje, kisha mmoja amwendee mwenzake amkabidhi pembe zake. Nilimfundisha maneno matatu ya Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo: vuta, kunja, njoo. Kiingereza chetu sote wawili ni cha kuungaunga, lakini hayo matatu anayatamka kama mtu aliyezaliwa Uvira, kwetu Kongo.

Namwita Apa. Kwao maana yake dada mkubwa. Nililipenda neno hilo tangu mwanzo, kwa sababu mimi ni kifungua mimba na sijawahi kuwa na wa kumwita mkubwa wangu. Wadogo zangu wananiita yaya, ndivyo sisi Wakongo tunavyomwita mkubwa wa kuzaliwa. Wakenya wa pale kazini wakisikia hivyo wanacheka, maana kwao yaya ni msichana wa kazi anayelea watoto. Waache wacheke. Watoto nimelea.

Apa hawezi kukunja kapu moja la mashuka bila kuutaja mji wake. Atakuambia soko la bangili lililopo karibu na mnara wa zamani, jinsi wauzaji wanavyokadiria mkono wako kwa macho tu na kukutolea saizi yako. Atakuambia chai yao nzito na biskuti zenye chumvi kwa mbali, ambazo usipozichovya watu wa meza ya jirani watajua wewe ni mgeni. Atakuambia tiara za mwezi wa kwanza, watu wazima juu ya mapaa wakikatiana nyuzi na kutukanana kwa furaha. Kuhusu biriani usimwanze kabisa. Wapo Wahindi wa mji mwingine wanaotia viazi ndani ya biriani, na akiwataja hao uso wake unabadilika kana kwamba walimfanyia ubaya mama yake mzazi.

"Viazi!" anasema. "Ndani ya biriani! Hao watu wanalala usingizi kweli?"

"Apa, hata hiyo yenu ni wali uliofichiwa nyama. Kwetu nyama tunaiweka juu, mgeni aione."

"Nyinyi mnakula visamaki vinavyonitazama machoni. Usiniambie kitu."

Ndivyo tunavyozungumza. Na ndivyo tulivyokosana siku ile ya neno. Kiingereza kikimwishia, Apa hujaza Kiurdu, na alikuwa akiniuliza jambo akasema, "Na wewe, vatan yako wapi?" Mimi nikasikia watani. Nikajua anauliza watani wangu wako wapi. Nikamjibu, "Wengi nimewaacha Kigoma. Hapa ninaye mmoja tu. Wewe."

Akaliachia shuka. "Mimi? Mimi ni mji wako?"

Kumbe vatan ni kwenu, mahali ulikotoka. Tulicheka mpaka msimamizi akachungulia mlangoni. Nikamweleza kwamba mtani ni yule aliyeruhusiwa kukutukana, hata msibani kwako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Akasema huko kwao mtaa mzima una ruhusa hiyo.

Nimeanza na Apa ili ieleweke kwamba najua mtu anavyoonekana akiwa na fahari ya kwao. Ninaiona kila siku ya kazi, ng'ambo ya shuka. Na sijawahi kusikia mtu, hapa Texas, akimkatiza Apa ili amuulize kama huko kwao kuna njaa.

Sisi tulizaliwa wanne. Wawili wa kati wameshaoa, wanaishi Missouri City kule Houston. Kitinda mimba bado yuko nami hapa Haltom City, anamaliza sekondari. Baba na mama tuliwazika katika kambi ya wakimbizi, mkoa wa Kigoma, kabla huyu mdogo hajajua kuzungumza. Walivyokufa sitaeleza. Nimeeleza mara nyingi mno, mbele ya meza nyingi mno, kwa watu walioniuliza huku wakitazama saa. Shule niliacha wakati huo huo wa msiba, nikiwa bado msichana mdogo, na sikurudi tena. Sina majuto nayo. Kulikuwa na watu watatu wa kulisha.

Majira ya kuchipua yaliyopita, kamati ya watu wa kujitolea hapa mtaani iliandaa siku ya mataifa katika ukumbi mmoja. Kila jamii ingepewa meza: chakula, nguo, picha za kwao. Watu wa Hyderabad walipewa meza, na Apa akaniringia nayo kazini mwezi mzima. Sisi Wakongo tukapewa nafasi jirani yao. Tena mama mmoja wa kamati akaja nyumbani kumwomba mdogo wangu asimame kwenye kipaza sauti, aseme machache juu ya alikotoka.

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Yule mtoto shuleni alikuwa anasema ametoka Texas. Akibanwa anasema Tanzania. Akibanwa zaidi anakuwa bubu, anatazama viatu. Mara moja nilimsikia kwenye simu akimwambia mwenzake kwa Kiingereza kwamba sisi hatukutoka popote. Popote! Mtu mwenye yaya, mwenye kaburi la mama, mwenye lugha tatu kinywani, hakutoka popote. Nikajiambia, akisimama hapo mbele ya watu akaitaja kwao kwa sauti, ugonjwa huu utakwisha. Asiposimama sasa, atakwenda chuo akiwa hana kwao, na atazeeka hivyo.

Basi nikamfundisha Uvira. Jikoni, nikichambua sombe, yale majani ya muhogo ambayo Watanzania huita kisamvu, namwambia: milima nyuma, ziwa mbele, mji umebanwa katikati kama nyama ndani ya mkate. Namwambia mto Mulongwe unavyofura mvua zikizidi. Namwambia ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilivyoanikwa, akina mama wa bandari ya Kalundu na midomo yao, mpira wa Jumapili.

"Sema: Kalundu."

"Kalundu. Yaya, nikisema hivyo wataniuliza maswali."

"Utajibu."

"Nitajibu nini? Sijawahi kufika. I've never even seen it." Anaponichoka huhamia Kiingereza. "Hiyo ni kwenu, yaya. Si kwetu."

Nilitua kisu. Nikamwambia asirudie kusema hivyo. Hakurudia, lakini hakuahidi kitu pia. Akakariri Kalundu na Mulongwe kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha.

Jumamosi yenyewe tulifika asubuhi na sufuria tatu: sombe, ugali wa muhogo na ndagala za kukaanga. Nilikuwa nimevaa kitenge kilichoshonwa kwa ajili ya siku ile, na mdogo wangu cha namna moja nacho. Meza ya Hyderabad ilikuwa tayari. Bangili zimepangwa kwa rangi, tiara zimetundikwa ukutani, Apa yuko nyuma ya birika la chai akigombana na mumewe juu ya maziwa.

Na jirani yake, kwenye nafasi yetu, palikuwa na hema.

Meza haikuwapo. Lilikuwepo turubai jeupe juu ya miti, limefungwa kwa kamba. Ndani wametandika mkeka uliochanika kwa makusudi, maana ncha zake zilikuwa zimekatwa na mkasi. Dumu la njano. Sahani ya bati yenye punje chache za mahindi katikati. Mwanasesere amevikwa kitambaa kichafu, amelazwa chali. Nje wamebandika karatasi kubwa: Congo. Watoto wa watu wamepanga foleni kuingia mmoja mmoja.

Yule mama wa kamati alinijia mikono wazi. Lazima niseme ukweli, uso wake ulikuwa wa wema. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mtu mwovu ningejua pa kumshika.

"Unaonaje?" akaniuliza.

"Hili la nani?"

"La kwenu! Tumekaa jana mchana kutwa kulijenga. Tunataka watu wahisi."

"Wahisi nini?"

"Maisha yenu."

"Na chakula changu nikiweke wapi?"

Akazitazama sufuria. Akasema taratibu, kwa sauti ile ninayoisikia kazini ikitumika kwa wazee waliopoteza kumbukumbu, kwamba labda chakula kingekuja baadaye, kwenye meza ya nyuma, kwa sababu chakula kingi karibu na hema kingechanganya ujumbe.

Nilisimama pale na sufuria ya sombe mikononi, moto unapenya kitambaa, na nilikosa Kiingereza. Siku hizi maneno nimeyapata, kwa kuwa nimeyazungusha kichwani kila siku tangu hapo; nitayaandika hapa kwa Kiswahili. Meza ya Hyderabad, kuna aliyewaambia walete kibanda cha mabati? Huko kwao hakuna maskini? Hakuna mafuriko, hakuna mtoto aliyelala na njaa? Wapo, Apa mwenyewe ameniambia, kwa hiari yake, siku aliyotaka. Lakini wao walipewa meza waseme wenyewe walivyo. Sisi tulikuta tumeshasemwa. Hata sahani yetu walitujazia wao, na wakapunguza.

Na mkeka! Mimi niliyefagia ua wa kambi kila asubuhi kabla ya jua, niliyewapiga wadogo zangu marufuku kutoka nje na nguo isiyopigwa pasi ya mkaa, naletewa mkeka uliokatwa na mkasi, naambiwa huu ndio wewe.

Apa aliona. Aliacha birika. "Hiki ni nini?" akaniuliza kwa sauti kubwa, ya watu kusikia. "Wewe unauza mahema?"

Sikuweza kucheka. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuingia kwenye foleni, nyuma ya watoto wadogo, na kitenge chake kipya. Nilimwita. Hakugeuka. Aliinama akaingia.

Nikawaza, basi. Hapo ndipo ataapa kwamba ametoka Texas. Nani angemlaumu?

Alikaa ndani kitambo. Alipotoka alikuwa ameshika ile kamba ya pembeni, anaikagua.

"Yaya, nani kafunga hii?" akasema kwa Kiswahili, waziwazi. "Mvua moja tu, inakwenda na maji."

Wakati huo huo wakamwita kwenye kipaza sauti. Nilimfuata kwa macho, midomo yangu ikisema Kalundu, Kalundu, kama mtu anayesali.

Alizungumza Kiingereza; naandika nilivyomwelewa. Alisema, "Mimi nimezaliwa kambini. Hema hili silijui. Sisi tulikuwa na nyumba ya matofali. Yaya wangu aliyakanyaga matope yake kwa miguu, yule pale, mwenye kitenge kama changu. Ilikuwa na dirisha linalotazama njia. Jumapili nilikaa dirishani kuangalia kwaya zikipita. Kwaya yetu, ya kanda ya tatu ya kambi, ilikuwa bora. Kanda ya tano walikuwa na sare nzuri, lakini kuimba, hapana."

Kule nyuma, waliposimama Wakongo na Warundi, kikazuka kicheko. Mtu akapiga mluzi.

Akaendelea. Alitaja bomba la maji na foleni ya madumu, na jinsi kila dumu lilivyotiwa alama ya mwenyewe, la kwetu likiwa na utepe mwekundu niliofunga mimi. Akataja maandazi ya mama mmoja wa sokoni ambaye alimwaga kisamvu cha mwenzake kwa sababu ya wivu. Alikuwa anaringa. Sina neno jingine. Aliringa na kambi, mkono kiunoni, kama Apa anavyoringa na bangili zake. Watu wa mstari wa mbele walikuwa wameshatoa vitambaa vya kufutia machozi, na yeye akawatazama akasema, "Msilie. Sijafika sehemu ya kulia. Haipo."

Uvira hakuitaja hata mara moja.

Nilikasirika. Kwa nini nisiseme? Nilikasirika na hema, na sasa nikakasirika na mtoto. Mahali pale mimi nilikuwa nahesabu siku za kutoka tu. Nilikanyaga yale matope nikilia, na dirisha nililiacha kwa sababu matofali yaliniishia. Nilimficha kambi miaka yote hii ili asione haya, nikampa mji mzima wenye ziwa na milima badala yake, naye akaurudisha akachukua dirisha.

Lakini alikuwa amesimama. Kichwa juu. Viatu vyake hakuvitazama.

Makofi yalipokwisha, mama wa kamati alichukua kipaza sauti, anafuta macho, akasema kwa ukumbi mzima kwamba ni ajabu jinsi watu walioteseka hivi wanavyoweza bado kutabasamu. Kisha akashuka akamshika mdogo wangu bega, akamwomba asimame mlangoni mwa hema apigwe picha.

"Nimesema haikuwa nyumba yetu," mdogo wangu akamwambia.

"Najua, mpenzi. Lakini watu wanahitaji kuona."

"Nimesema sasa hivi. Hukunisikia?"

Hapo ndipo Kiingereza kilinirudia, kidogo tu, lakini kilitosha. Nikasema, "No." Nikaweka sufuria chini. Nikaenda kwenye mti wa kwanza wa hema nikaanza kufungua kamba. Mdogo wangu alisema kweli, ilifungwa vibaya. Ilifunguka kwa kuvuta mara moja. Mama wa kamati akanifuata akisema jamani, subiri, bado kuna watoto kwenye foleni. Nikamtoa mwanasesere, nikamfuta uso, nikamkabidhi mtoto aliyekuwa wa kwanza kwenye hiyo foleni. Turubai likaanguka.

Ni turubai kubwa. Huwezi kulikunja peke yako likatoka sawa. Nilikuwa nimeshika pembe mbili, nahangaika, nikasikia bangili zinalia nyuma yangu.

"Vuta?" Apa akasema, ameshika pembe zake mbili.

"Vuta."

Tukavuta. Mumewe nyuma akawa anasogeza bangili na biskuti upande mmoja wa meza yao, na mdogo wangu akapandisha sufuria zetu upande wa pili. Harufu ya ndagala ikapanda. Apa akaibana pua makusudi.

"Visamaki vyako juu ya meza yangu," akasema. "Babu yangu ananitazama."

"Mwambie aje ale."

"Kunja."

Tukakunja. Wakati huo mzee mmoja, aliyekuja kutoka Houston kumtembelea binti yake, alikuwa amefika kwenye sufuria. Alimuuliza mdogo wangu kwa Kiswahili, "Binti, nimesikia vizuri? Umesema kanda ya tatu?"

"Ndiyo, baba. Karibu na bomba la juu."

"La juu!" Mzee akarudi hatua nyuma. "Wezi wa kuni! Mlinimalizia kuni zangu, nyinyi watu wa bomba la juu! Na leo mnatangaza mbele ya Wazungu kwamba mnajua kuimba!"

Nilimwona mdogo wangu akimtazama, hajaamini. Kisha uso wake ukafunguka wote.

"Kumbe wewe ni wa tano! Mwenye sare!"

"Sare niliishona mwenyewe, shika adabu."

"Ndiyo maana mlishindwa kupumua mkiimba, baba, uliwabana!"

Mzee alicheka mpaka akashika meza. Akamwomba sombe, mdogo wangu akampakulia kijiko kimoja, akasema hicho kinamtosha mtu wa kanda ya tano, kisha akamjazia sahani. Wakaulizana mtu fulani yuko wapi, fulani aliolewa na nani, mwembamba wa duka la chumvi alikwenda nchi gani. Sijawahi kumsikia akizungumza Kiswahili mfululizo hivyo tangu tufike nchi hii.

"Mbona wanagombana?" Apa akaniuliza, pembe mikononi.

"Hawagombani. Ni mtani wake."

Akawatazama. "Vatan," akasema.

"Mtani, Apa."

"Nimesema hivyo hivyo. Njoo."

Nikamwendea, nikamkabidhi pembe zangu. Turubai lilitoka sawa, pembe juu ya pembe, dogo kama shuka la kabatini. Nikaweka sahani ya bati juu yake, na punje zake za mahindi, na ule mkeka, nikampelekea mama wa kamati. Alikuwa amesimama peke yake pale hema lilipokuwa, ameshika kamba. Aliniuliza sasa aviweke wapi.

Nikamwambia sijui. Mimi nilikuwa na chakula kinapoa.